Zama za Barafu Mwanza: Mbuga Iliyozikwa Chini ya Ziwa

Jina "Zama za Barafu" humpeleka msomaji mbali na nyumbani. Mara litajwapo, fikira hurukia Siberia, Greenland na milima ya Alps, na aghalabu mwanafunzi wa Mwanza hulihesabu somo hilo kuwa ni la watu wengine: la kukariri kwa ajili ya mtihani, lisilo na mfano wa kuonyeshwa nje ya dirisha la darasa. Dhana hiyo si sahihi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta zama hizo hazikuandikwa kwa barafu, isipokuwa juu ya milima michache. Ziliandikwa kwa udongo. Na mojawapo ya kurasa zake zilizo wazi kabisa imelala mbele ya Kirumba, chini ya maji na tope la Ziwa Victoria. Ukurasa huo ni tabaka la udongo mgumu wenye mizizi ya mimea ya nchi kavu, mahali ambapo leo hupita mitumbwi ya dagaa na meli za abiria.

Yafaa kwanza kuzieleza zama zenyewe. Tangu yapata miaka milioni 2.6 iliyopita, hali ya hewa ya dunia imekuwa ikipishana baina ya vipindi virefu vya baridi na vipindi vifupi vya joto. Chanzo cha mapishano hayo ni mabadiliko madogo, yarudiayo kila baada ya makumi ya maelfu ya miaka, katika umbo la njia ya dunia kulizunguka jua na katika mwinamo wa mhimili wake. Kipindi cha mwisho cha baridi kilianza kiasi cha miaka 115,000 iliyopita, kikafikia kilele chake baina ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita, na kikaisha miaka 11,700 iliyopita. Wakati wa kilele hicho sehemu kubwa ya Kanada na nchi za Skandinavia zilikuwa zimefunikwa na barafu yenye unene wa kilomita mbili hadi tatu. Maji yaliyofungwa katika barafu hiyo yalikuwa yametoka baharini. Kwa hiyo bahari ilishuka kwa mita 120 au zaidi. Athari yake ilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Unguja iliungana na bara, mtu akaweza kwenda kwa miguu mahali ambapo leo hupita majahazi, ilhali Pemba, iliyotengwa na mkondo wa kina kirefu, ilibaki kisiwa.

Mawe yaliyosafiri na mawe yaliyokaa

Mgeni afikaye Mwanza hustaajabishwa na majabali yaliyopandana, mengine yakiwa yamesimama juu ya mengine kana kwamba yameshikiliwa na mkono usioonekana. Jiwe la Bismarck lililo majini ndilo maarufu zaidi, lakini vilima vya Kirumba na Kitangiri vimejaa ndugu zake. Msomaji aliyejifunza jiografia ya Ulaya anaweza kushawishika kudhani kwamba mawe haya yaliletwa na barafu, kwa sababu katika tambarare za Denmark na kaskazini mwa Ujerumani mawe makubwa ya peke yake yaliletwa hivyo hasa: barafu iliyachukua kutoka Uswidi na Norwe, ikayabeba mamia ya kilomita, kisha ikayeyuka na kuyaacha. Ushahidi wa safari hiyo ni rahisi. Jiwe la namna hiyo si la jamaa moja na mwamba ulio chini yake.

Majabali ya Mwanza hayakusafiri. Ni granaiti ile ile ya mwamba ulio chini, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500. Maji ya mvua yalipenya katika nyufa zake kwa muda mrefu sana, yakaozesha pembe na kingo, na yakaacha mioyo ya mawe ikiwa ya mviringo ndani ya udongo. Baadaye udongo huo ukakokotwa na mvua. Jabali lisimamalo juu ya jabali halikupandishwa. Kilichoondoka ni udongo uliokuwa kati yao.

Udongo huo haukwenda mbali. Katika Usukuma wote unaweza kufuatwa kutoka kileleni hadi bondeni. Mteremko wa juu una mchanga mwepesi, ambao Wasukuma huuita luseni. Chini yake huja itogolo, ardhi yenye tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri. Na bondeni kabisa huwa mbuga, udongo mzito mweusi wa mfinyanzi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa mfuatano wa namna hii jina la katena, lenye maana ya mnyororo kwa Kilatini, na neno hilo limeenea katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya pete zote za mnyororo huo zamani kabla mnyororo wenyewe haujapewa jina.

Katika pete hizo ni mbuga inayohusika zaidi na habari hii. Udongo wake hunywa maji na kuvimba wakati wa masika. Wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka, nyufa zikaingia chini kiasi cha kumeza fimbo ya mchungaji. Udongo wa juu hudondokea ndani ya nyufa hizo, na mvua zirudipo kila kipande husukumana na mwenziwe hata nyuso zake zikasuguliwa na kung'aa. Chokaa hujikusanya humo kwa vipande vidogo vidogo. Alama hizi zote hudumu hata baada ya udongo kufukiwa. Mtaalamu azionapo ndani ya tabaka la kale hujua kwamba mahali hapo palikuwa wazi juani, penye msimu wa mvua na msimu mkali wa ukame.

Ardhi ya nchi za baridi nayo hupasuka, ila kwa sababu nyingine. Udongo ulioganda daima hunywea baridi izidipo, hufanya nyufa zenye pande nyingi, nazo hujaa barafu; barafu iyeyukapo, mchanga na vumbi huchukua nafasi yake. Kabari za mchanga za namna hiyo huonekana hadi leo katika kuta za machimbo ya kokoto nchini Uingereza na Poland, mahali ambapo sasa hupandwa ngano. Katika Ulaya ya kati, Ukraine na China upepo ulikusanya vumbi lililosagwa na barafu au kupeperushwa kutoka majangwani, ukalilaza kwa unene wa makumi ya mita. Vumbi hilo huitwa loesi. Ndani yake mna mistari myeusi: udongo uliojitengeneza wakati baridi ilipopungua, nyasi na miti ikaota, kisha vumbi likaja tena na kuufukia. Katika loesi ya Dolní Věstonice, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, zimepatikana kambi za wawindaji walioishi kiasi cha miaka 30,000 iliyopita, waliofinyanga sanamu ndogo za watu na wanyama na kuzichoma motoni. Huko Mezhyrich, Ukraine, mahali ambapo kuni na mbao zilikuwa adimu, watu walijenga nyumba kwa mifupa ya mamothi, ndovu wenye manyoya waliokwisha kutoweka.

Kanuni ya kusoma mashapo hayo ni moja. Vumbi husema "baridi", na udongo uliozikwa husema "baridi imepumzika". Ziwani kanuni ni hiyo hiyo kwa maneno mengine. Tope laini husema "maji", na udongo uliozikwa chini ya tope husema "maji yaliondoka".

Mvua zilizodhaniwa

Kwa muda mrefu wataalamu hawakutarajia kukuta udongo wa namna hiyo chini ya ziwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 E. J. Wayland, aliyeiongoza idara ya jiolojia ya Uganda, aliona kokoto za fukwe za kale zilizo juu ya usawa wa maji ya leo, akahitimisha kwamba Afrika Mashariki ilipitia vipindi vya mvua kubwa. Louis Leakey aliiendeleza fikra hiyo nchini Kenya. Vipindi vinne vikapewa majina, cha kwanza kikiitwa kwa jina la mto Kagera, na mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika uliofanyika Nairobi mwaka 1947 ukaukubali mpango huo. Ilionekana kuwa jambo la akili kuvilinganisha vipindi hivyo na vya Ulaya: barafu ilipoenea kaskazini, mvua zilinyesha sana Afrika. Majembe ya mawe yaliyochimbuliwa yakapewa umri kwa kufuata kalenda hiyo.

Mpango huo ulikuwa mzuri kwa kufundishia, nao uliendelea kuandikwa vitabuni hata baada ya kuanza kubomoka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanajiolojia, miongoni mwao Richard Foster Flint wa Marekani, walionyesha kwamba fukwe nyingi zilizoinuka zingeweza kuelezwa kwa kupanda na kushuka kwa ardhi yenyewe, jambo la kawaida katika nchi ya Bonde la Ufa. Kilichokosekana kilikuwa ni saa ya kupimia umri. Saa hiyo ilipatikana: kaboni 14.

Kila kiumbe hai huwa na sehemu ndogo ya kaboni ya mionzi, aipatayo kutoka hewani. Afapo, kaboni hiyo hupungua kwa kadiri isiyobadilika. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, baada ya miaka 11,460 robo, na baada ya miaka 17,190 hubaki thumni. Tahadhari moja yahitajika. Kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa kile kile nyakati zote, na kwa hiyo "miaka ya kaboni" hairandani barabara na miaka ya kalenda. Miaka 12,400 ya kaboni, kwa mfano, ni kama miaka 14,700 ya kalenda. Mwalimu akutapo tarakimu mbili tofauti kwa tukio moja asidhani kwamba kitabu kimoja kimesema uongo. Mara nyingi tofauti yatokana na hesabu hii tu.

Kazi za kwanza zilianzia milimani. Barafu ya Ruwenzori, Mlima Kenya na Kilimanjaro ilishuka zamani chini sana kuliko ilivyo leo, na hata Mlima Elgon, usio na barafu sasa, ulikuwa nayo. Kila mto wa barafu uliposimama uliacha ukuta wa mawe na vifusi, uitwao moreni. Nyuma ya moreni moja kubwa ya Ruwenzori kuna ziwa dogo liitwalo Mahoma. Mwaka 1962 Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alitangaza kwamba tope la chini kabisa la ziwa hilo lilikuwa na umri wa miaka ya kaboni 14,700 hivi, yaani miaka ya kalenda ipatayo 18,000. Kwa hiyo barafu ya Ruwenzori ilikuwa imekwisha kuanza kurudi nyuma wakati huo. Baridi ya Afrika na baridi ya Ulaya zilikwenda pamoja, kama ilivyodhaniwa. Swali lililobaki ni la mvua.

Jibu lilitoka ziwani. Robert Kendall alichukua nguzo ya tope kutoka Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda, akahesabu chavua ya mimea iliyohifadhiwa ndani yake tabaka kwa tabaka. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1969 alionyesha kwamba, mwishoni mwa kipindi cha baridi, ziwa lilikuwa chini sana, halikuwa na mlango wa kulipeleka maji Nile, na kandokando yake yalikuwa nyasi. Misitu ilikuja baadaye. Mpango wa mvua na barafu ukawa umepinduliwa. Barafu ilipokuwa nyingi kaskazini, Nyanza haikuwa na mvua nyingi. Ilikuwa kavu.

Kavu kiasi gani?

Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali, kwa kuwa wataalamu wa samaki walikuwa na sababu ya kutokubali. Ziwa Victoria lilikuwa na aina 500 hivi za furu, karibu zote zisizopatikana mahali pengine. Kama ziwa lilipungua tu, aina hizo zingeweza kuwa na umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Kama lilikauka kabisa, basi lilipojaa tena samaki hao iliwabidi kutokea karibu upya, katika muda ambao kwa viumbe wenye uti wa mgongo ni kama kufumba na kufumbua.

Mwaka 1995 kundi la watafiti lililoongozwa na Thomas Johnson lilipita ziwani na chombo cha kupeleka mawimbi ya sauti chini. Sauti hupenya maji na tope laini, kisha sehemu yake hurudi kila ikutapo mpaka wa matabaka, na hivyo huchora picha ya mashapo bila kuchimba. Picha ilionyesha mashapo ya hadi mita 60, yanayokisiwa kukusanyika kwa muda wa miaka 400,000. Karibu na juu palikuwa na mpaka mmoja mkali, na muhimu kuliko yote, mpaka huo haukuishia pembeni. Uliendelea hadi chini ya sehemu yenye kina kirefu kuliko zote. Hapakuonekana shimo lolote lililobaki na maji.

Mabomba yaliposhushwa kuchukua tope lenyewe, ushahidi ukakamilika. Juu kulikuwa na mita kadhaa za tope laini lililojaa mabaki ya vimelea vya majini. Chini yake, kwa ghafla, kulikuwa na udongo mgumu usio na maji mengi, wenye vijizizi vilivyosimama wima. Watafiti waliouchunguza baadaye waliuweka katika jamaa ya udongo upasukao, ndiyo kusema mbuga. Katika taarifa yao ya mwaka 1996 Johnson na wenzake walieleza kwamba ziwa lilikuwa kavu kabla ya miaka ya kaboni 12,400 iliyopita. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba maji yalikuja, yakaondoka, kisha yakarudi. Kwa jumla ujazo mpya ulitokea baina ya miaka 17,000 na 14,000 iliyopita, kwanza kwa vinamasi na mabwawa, hatimaye kwa ziwa kamili lililofurika tena kuingia Nile.

Msomaji ajuaye ukubwa wa ziwa hili huenda akaona vigumu kuamini. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa pamoja. Lakini ukubwa huo ni wa upana tu. Kina chake cha juu ni kiasi cha mita 80, na wastani ni mita 40. Likichorwa kwa kipimo cha mita moja kwa kilomita 400 za urefu wake, kina kirefu kabisa kingekuwa sehemu ya tano ya milimita moja, unene wa karatasi mbili za daftari. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lilipungua katika ukame huo huo bila kukauka. Victoria ni sinia. Tanganyika ni kisima.

Tena, sinia hilo hujazwa na mvua hasa. Zaidi ya robo tatu ya maji yaingiayo hunyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na Kagera pamoja na mito mingine huleta sehemu iliyobaki. Karibu robo tatu au zaidi ya maji yatokayo huenda angani kwa mvuke. Nile huchukua kidogo. Jua huondoa kiasi cha mita moja na nusu ya maji kila mwaka. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: mita 40 kugawanywa kwa 1.5 ni miaka isiyofika 30. Ni kweli kwamba mvua na mito haikukoma yote kwa pamoja, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu zaidi. Walakini hesabu yaonyesha jinsi mizani ilivyo nyepesi. Bahari ilipopoa na joto la nchi za ikweta kushuka kwa nyuzi 3 hadi 5, mvuke uliopanda kutoka bahari ulipungua, pepo za msimu zikadhoofika, na mizani ikainama upande mmoja kwa maelfu ya miaka.

Mizani hiyo ingali inacheza. Baina ya mwaka 1961 na 1964 mvua zisizo za kawaida ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka sana, kwa sababu ya ukame pamoja na maji mengi kuachiwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, lilipanda likafurika nyumba na mialo. Mabadiliko haya ya mita chache ndiyo yanayowasumbua watu wa mwambao katika maisha yao. Yale ya udongo uliozikwa yalikuwa ya mita 80.

Kuhusu furu, ushahidi wa ziwa umeshinda. Uchunguzi wa urithi wao, uliotolewa mwaka 2017, waonyesha kwamba walitokana na mchanganyiko wa koo mbili za samaki, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile. Mchanganyiko huo ulikuwa na akiba kubwa ya tofauti, nazo zikagawanyika upesi katika ziwa jipya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walichukua nguzo nyingine za tope mwaka 2018, wakaokota ndani yake meno ya samaki waliokufa tangu maji yaliporudi. Meno hayo yaeleza kwamba jamaa kadhaa za samaki zilifika mapema pamoja, lakini ni furu pekee waliozaa aina kwa mamia.

Watu wa nchi kavu na watu wa maji

Watu waliuona ukame huo. Ushahidi ulio karibu zaidi wa maisha katika bonde la ziwa wakati wa kipindi cha mwisho cha baridi umetoka upande wa Kenya, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na huko Karungu. Hapo majivu ya volkeno na udongo wa kale, wenye umri wa baina ya miaka 100,000 na 33,000, vimefukuliwa na mvua na kubaki wazi. Udongo huo una nyufa na chokaa kama mbuga za leo. Mifupa iliyomo ni ya wanyama wa nyika kavu: choroa, punda milia wa Grevy, ambaye leo hukaa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia, na mnyama wa ukoo wa nyumbu aliyetoweka, Rusingoryx, aliyekuwa na fuvu lenye nundu tupu ndani juu ya pua. Makundi kama hayo hayawezi kuishi katika kisiwa kidogo. Maji yakishuka mita 25, Mfangano huwa kilima cha bara, na Rusinga kabla yake. Pamoja na mifupa kuna ncha za mawe za Zama za Kati za Mawe, na kuna mahali Rusinga ambapo Rusingoryx wengi waliuawa pamoja, ishara kwamba wawindaji waliwajua wanyama hao na njia zao.

Kwa kipimo hicho hicho Ukerewe na Saanane vilikuwa vilima, na mbele ya Kirumba lilikuwapo bonde, pengine na kijito cha msimu. Kambi yoyote iliyowekwa kandokando ya kijito hicho sasa imo chini ya tope. Kusini zaidi, katika mapango ya Kondoa, mkondo wa maisha waonekana bila kukatika. Pango la Kisese, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, lina vijiwe vidogo vya kwatzi vilivyochongwa ili kutiwa mipini, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, kutoka kabla ya kilele cha baridi na baada yake. Wawindaji wa Dolní Věstonice walifinyanga udongo. Wa Kondoa walitoboa maganda ya mayai. Wote wawili walikuwa na wakati wa mapambo katika miaka iliyo mibaya.

Maji yaliporudi, utamaduni ulibadilika. Kuanzia kiasi cha miaka 8,000 iliyopita kulitokea kandokando ya ziwa watu waliovua, waliokusanya kombe za maji baridi hata zikawa vichuguu, na waliofinyanga vyungu miaka elfu kadhaa kabla ya kilimo na ufugaji kufika huko. Vyungu vyao huitwa vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja cha mto Kagera. Uchunguzi wa Robert Soper na B. Golden katika Mkoa wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 1969, ulikuta vigae vya namna hiyo pamoja na vijiwe vya kwatzi katika mapango ya Nyang'oma na Chole. Majabali yale yale yaliyozuia macho ya mgeni yalikuwa paa la wavuvi wa kwanza wa ziwa jipya. Mapango ya namna hiyo hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mwanafunzi aonaye vigae au vijiwe ndani yake aviache mahali pake na kumwarifu mwalimu, kwa sababu kigae kilichong'olewa katika tabaka lake hakiwezi tena kueleza umri wake.

Lakini kuna jaribio liwezalo kufanywa darasani bila kuvunja sheria wala kununua kifaa. Achukuliwe udongo wa mbuga, ukorogwe na maji hadi uwe uji mzito, umiminwe katika sinia pana, na urefu wake upimwe kwa rula. Sinia likae juani kwa siku kadhaa. Udongo utanywea na kupasuka katika vipande vyenye pembe. Upimwe tena, na asilimia ya kunywea ikokotolewe. Mbegu chache za mtama au nyasi ziatikwe katika nyufa na kunyunyiziwa maji kidogo mpaka zitoe mizizi. Kisha yamiminwe polepole maji yaliyochanganywa na tope jepesi la ziwani, hadi sinia lifunikwe, na yaachwe yatuame. Baada ya majuma mawili, sindano pana ya plastiki iliyokatwa ncha, au kipande cha bomba jembamba, ishindiliwe wima hadi chini na kuvutwa. Ndani yake zitaonekana sehemu mbili: laini juu, ngumu chini, na vijizizi vilivyosimama wima penye mpaka.